Dago la Baridi

Saa tisa za usiku, mwezi wa Februari, niliwasha tochi ndani ya hema kuangalia kama vidole vyangu vya miguu bado vipo. Sitanii. Nilikuwa nimevaa soksi jozi nne, moja juu ya nyingine, na kuanzia vifundo kwenda chini sikusikia kitu. Nikazivua. Vidole vilikuwepo vyote kumi, vimepauka kama pweza aliyetoka kwenye friza, na nilipoviminya, mkono ulihisi kidole lakini kidole hakikuhisi mkono.

Nilikuwa Bridge of Orchy, kijiji kidogo cha nyanda za juu za Scotland, kando ya mto. Ilikuwa siku yangu ya tano kwenye njia iitwayo West Highland Way, kilomita 154 kwa miguu kutoka Milngavie, pembezoni mwa Glasgow, mpaka Fort William. Fort William sikufika. Kulipopambazuka nilikunja hema meno yakigongana, nikajikokota mpaka kituo cha treni, nikarudi nyumbani. Humo behewani, damu iliporudi miguuni, niliuma kofia yangu nisije nikapiga kelele mbele za watu.

Haya niandikayo ni ushuhuda. Neno hili wengi wamezoea kulisikia makanisani, na sisi Waislamu mtu akisema kushuhudia twafikiria shahada. Hata hivyo aliyebadilika ana haki ya kusimulia, na mimi nimebadilika katika jambo ambalo ukiliambia watu barazani watacheka: nimejua kulala na miguu yenye joto.

Kwetu ni Chula, kimoja katika visiwa vya Wabajuni vinavyoanza Kismayo na kushuka kusini hadi rasi ya Kiamboni, mpakani na Kenya. Mstari wa ikweta unapita kaskazini kidogo tu ya Kismayo. Baridi tuliyoijua ni ya kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka unaofunga bahari. Mtu mzima hujifunika shuka mbili akalalamika usiku kucha, na kipimajoto, kama kingekuwepo, kingesoma nyuzi ishirini na kitu. Miguu yetu ilijua mchanga na matumbawe. Viatu vilikuwa vya Idi.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wenye bunduki walikuja visiwani wakachukua mashine za boti, nyavu, na kila walichokitaka. Mwaka uliofuata tulipakia chomboni tukaja Mombasa, tukakaa kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa mwaka 1997. Wengine walirudishwa visiwani kwa meli. Sisi tulibaki kwa jamaa mjini. Nilikanyaga Uingereza mwaka 2001, nikapelekwa Glasgow kama walivyopelekwa waomba hifadhi wengi wakati ule, nikapewa chumba katika majumba marefu ya Red Road. Afisa aliyenihoji alitaka nimtajie visiwa vyetu kwa mpangilio, kutoka Kismayo kwenda kusini. Nikamtajia. Akasema nirudie. Nikarudia, na huku miguu yangu chini ya meza inauma ndani ya viatu vya turubai nilivyonunua Mombasa.

Baridi ile ya kwanza, vidole vya miguu vilivimba, vikageuka rangi ya zambarau, vikawasha kiasi cha kunitoa usingizini. Daktari alisema ni kawaida kwa ngozi iliyopoa ikapashwa moto ghafla. Mimi nilikuwa nikiingia ndani naiweka miguu moja kwa moja juu ya hita. Wenzangu walikuwa na maelezo yao. Damu yetu nyepesi, walisema. Mungu ametuumbia jua. Mbajuni hakuumbiwa nchi hii, na miguu ndiyo ya kwanza kusema kweli. Nikaliamini neno hilo miaka kumi na zaidi. Nilivaa soksi kitandani mwezi wa saba. Mke wangu ananiita mzee tangu nina miaka thelathini.

Kupanda milima nilianzishwa na mwenzangu wa kazini, Mskochi wa makamo asiyesema sana. Jumapili moja alinipeleka Conic Hill, juu ya ziwa la Loch Lomond. Pale juu niliona visiwa vimepangana ndani ya maji, mstari mmoja, kimoja baada ya kingine. Sikumwambia kitu. Yeye akadhani nimechoka, akanipa chai.

Kutoka hapo nikawa mtu wa milima. Nchi ile ina sheria nzuri ya mwaka 2003 inayomruhusu mtu kupita na kulala karibu popote, alimradi asiharibu na asiwasumbue wenyewe. Lakini nilikuwa mtu wa milima ya mchana. Usiku niliuogopa, na Februari ile nilipoamua kuutoa woga kwa nguvu, niliutoa kwa kujitwisha mizigo. Shanta yangu ilikuwa na kilo kumi na tisa. Soksi peke yake zilikuwa jozi kumi na moja.

Niliporudi na aibu yangu, nilimpigia simu mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyebaki Kismayo. Ni mvuvi wa kamba na samaki, mtu wa maneno makavu. Nilimsimulia kama mtu asimuliavyo ajali.

"Ulikula nini kabla ya kulala?" akaniuliza.

"Biskuti, mjomba. Nilikuwa nimechoka."

"Na miguu, uliitia maji?"

"Nilitawadha mtoni kwa ajili ya Isha."

"Mtoni penye barafu." Akanyamaza kidogo. "Halafu ukavaa soksi zilezile ulizotembelea mchana."

"Nilizivaa, na nyingine juu yake."

"Babu yako angekuchapa. Wewe hukwenda naye dago?"

Nilikwenda. Msomaji wa bara huenda halijui neno hili. Mvuvi akienda mbali na nyumbani, akalala siku tano au kumi kwenye kisiwa kisicho watu ili awe karibu na samaki, huyo amekwenda dago. Nilikwenda na babu mara mbili kabla ya vita, kazi yangu ikiwa kukumba maji ya ngama na kutafuta kuni. Na kama kuna watu waliojua kusafiri na mzigo mwepesi, basi ni watu wa dago. Jamvi, sufuria, unga, chumvi, mtungi wa maji, kisu, ndoana na mishipi. Tanga la chombo ndilo paa. Kila ratili ya kitu kisicho na kazi ilikuwa ratili ya samaki utakayemwacha baharini.

Mjomba alipokata simu nilikaa pale jikoni, na mambo ya babu yakanijia moja moja. Babu alikuwa na vikoi viwili. Cha kazi kilikuwa kimekakamaa kwa chumvi, na kingeweza kusimama chenyewe. Cha kulalia kilikaa ndani ya debe lenye kifuniko, na hakikutoka humo mpaka mwili umefutwa umekauka. Viwili hivyo havikukutana hata siku moja. Nilipomwuliza kwa nini asilale na vyote viwili apate joto zaidi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asimimine maji ya bahari kwenye mtungi.

Pia hakulala mtu tumbo tupu. Hata kama samaki hawakupatikana, kulikuwa na uji mzito wenye tui. Jamvi halikutandikwa juu ya mchanga mbichi. Chini yake kulikunjwa kipande cha tanga kuukuu. Na usiku wa kusi, tukiwa tumelowa, babu alisogeza moto hatua mbili, akatandaza mchanga mkavu juu ya pale ulipokuwa, akatuambia tulale miguu ikielekea pale. Joto lilipanda kupitia jamvi taratibu, likaingia nyayoni, na kabla halijafika magotini mtu alikuwa ameshalala.

Binti yangu anasomea uuguzi. Nilipomweleza, alinifunulia kilichobaki kwa lugha ya kitabu, nami nakieleza kwa lugha ya chombo. Mwili ukipoa, moyo ni nahodha aliyeshikwa na dhoruba. Nahodha hutosa shehena ili chombo kisizame. Mwili nao hubana mishipa midogo ya damu ya miguu na mikono, ukaibakiza damu ya moto kwenye moyo, mapafu, ini na ubongo. Vidole vya miguu ndiyo shehena ya kwanza kutoswa. Kwa hiyo mtu anayelia miguu inaganda, mara nyingi tatizo lake liko juu zaidi: hajala, kichwa kiko wazi, mgongo unanyonywa joto na ardhi. Mvike soksi kumi, soksi hazina moto. Zinatunza joto lililopo tu, na kama halipo zinatunza baridi. Zikikaza ndiyo mbaya zaidi, maana zinakibana hata kile kijidamu kilichosalia. Jozi zangu nne zilikuwa zimekaza kama kamba ya kufungia gunia.

Nikaanza kuhesabu makosa yangu kwa haki. Mfuko wangu wa kulalia ulikuwa umeandikwa nyuzi 5 chini ya sifuri, na usiku ule baridi haikuzidi hapo sana. Ila namba ile kubwa, nilikuja kuisoma vizuri baadaye, ilikuwa ya mpaka: ni pale mtu aliyejikunyata anaweza kupitisha usiku bila kutetemeka. Namba ya raha iliandikwa kwa herufi ndogo pembeni, na ilikuwa juu kwa nyuzi kadhaa. Godoro langu la upepo lilikuwa la kiangazi, hewa tupu ndani ya plastiki, nami nimelala juu ya ardhi iliyoganda. Nilipumulia ndani ya mfuko kwa kutafuta joto la pumzi, nikaulowesha. Na nilibanwa na haja ndogo tangu saa sita, nikajizuia kwa kuogopa kutoka nje, nikakesha nayo.

La udhu lilinisumbua zaidi, kwa sababu sikutaka kuambiwa nichague kati ya sala na miguu. Nilimwendea mwalimu wangu wa madrasa. Akacheka, akaniuliza kama nilikuwa nasinzia darasani siku aliyosomesha kupangusa juu ya khofu. Khofu, kwa asiyejua, ni soksi za ngozi zinazopita vifundo. Aliyezivaa akiwa na udhu kamili halazimiki kuzivua kila akitawadha, anapangusa juu yake kwa mkono wenye maji. Mkazi ana mchana mmoja na usiku wake, msafiri ana siku tatu na usiku wake. Nikamwonyesha soksi zangu za milimani zisizopitisha maji. Akazigeuzageuza, akamimina maji ndani ya moja, akaining'iniza juu ya ndoo kwa robo saa huku tunakunywa kahawa. Haikudondosha tone. Sisi ni Mashafii, alisema, na masharti tunayapima, hii imeyatimiza. Miaka yote hiyo nilikuwa na hofu ya baridi, na dawa yake moja inaitwa khofu.

Nilifanya majaribio nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kidogo cha majani cha pamoja, majirani wakichungulia madirishani. Mskochi wangu alinifundisha jambo la chupa: unachemsha maji, unayajaza kwenye chupa ngumu ya plastiki kama zile za Nalgene, unafunga, unaivika soksi, unaingia nayo kitandani. Usiku wa kwanza sikukaza kifuniko vizuri. Nilirudi ndani saa nane nimelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na mke wangu, bila kufumbua macho, akaniuliza kama mvua imenyesha. Tangu hapo naipindua chupa juu chini na kuitikisa kabla haijaingia.

Palepale nilijifunza kwamba chupa haianzii miguuni. Unaiweka kwanza katikati ya mapaja, kwa ndani, unapopita mshipa mkubwa wa damu ya miguu, robo saa hivi. Damu inapita pale inapashwa moto na kuteremka yenyewe. Halafu ndipo unaisukuma chini kwenye nyayo. Nimejaribu njia zote mbili na sirudi nyuma.

Kuna hadithi niliyokutana nayo nikisoma juu ya mambo haya. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wanajeshi wa Kiingereza waliokaa kwenye mahandaki yenye maji Ufaransa na Ubelgiji walipata ugonjwa wa nyayo kuoza kwa baridi na unyevu. Wakagawiwa mafuta ya nyangumi wapake miguuni, na wakapangwa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake. Nikakumbuka sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mbao za vyombo, yananuka mpaka mtaa wa pili. Sidhani mafuta ya nyangumi yalikuwa na muujiza. Naona kilichowafaa ni kule kuvua, kukausha, kukanda, na kuvaa soksi kavu kila siku, na kwamba kulikuwa na mtu wa kukuuliza.

Februari iliyofuata nilirudi njiani, safari hii na mpwa wangu wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Glasgow, Kiswahili chake cha nyumbani na lafudhi yake ya huko huko. Mashanta yetu yalikuwa chini ya kilo tisa kila moja, bila chakula. Soksi jozi tatu kwa mtu: mbili za kupokezana mchana, na moja nene ya sufu, pana, isiyobana, ya kulalia tu. Hiyo ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Mpwa akauita mfuko ule "debe la babu", ingawa babu hakumjua.

Usiku wa sita tulipiga hema karibu na Kingshouse, pale mbuga ya Rannoch inapokutana na mlima Buachaille Etive Mòr. Kulungu wakubwa walikuwa wakizungukazunguka gizani, wamezoea watu, unasikia kwato zao kwenye theluji ngumu. Kipimajoto kidogo nilichofunga kwenye zipu kilisoma nyuzi 7 chini ya sifuri. Tulipika wali wa tui la unga na dagaa, tukaukoleza samli, tukala mpaka sufuria ikalia. Tukatoka kwa haja, hatukujidanganya. Chini ya godoro la upepo tulitandika mkeka wa sponji. Ndilo tanga kuukuu letu. Nilimkanda mpwa nyayo kwa viganja mpaka zikawa nyekundu, akaona haya, kisha akanikanda mimi. Mashanta matupu tuliyavika kwenye ncha za mifuko ya kulalia, na makoti yetu tukayafunga zipu juu yake, miguu ikawa kama imelala chumba cha ndani.

"Mjomba," akasema gizani, "na zile za vidole?"

Ni mazoezi yangu mwenyewe. Ukishalala, unakunja vidole vya miguu kwa nguvu na kuvikunjua, polepole, damu ishuke. Ili nisichoke kuhesabu, mimi hutaja visiwa: Koyama, kunja, Ngumi, kunja, Chovai, kunja, Chula, kunja. Nikafika Kiamboni, nikaanza tena Kismayo.

Akarudia. Akatanguliza Chula kabla ya Chovai.

"Rudia," nikamwambia, na neno lilipotoka nikalisikia kwa sauti ya yule afisa. Nikaongeza haraka kwamba hata akikosea hakuna neno, vidole havijui jiografia. Lakini alirudia, na mara ya tatu alivipanga sawa, na kabla hajafika mwisho wa mara ya nne alikuwa anakoroma.

Mimi nilikaa macho kidogo. Chupa ilikuwa nyayoni. Joto lilikuwa likipanda taratibu kama lilivyopanda kupitia jamvi, na nilikuwa nimeshasahau jinsi hali ile inavyofanana na kushikwa mkono. Nilikusudia kufikiria zaidi. Nikalala.

Simu iliniamsha kwa ajili ya Alfajiri. Hema lilikuwa na ukoko wa barafu kwa ndani, nilipoligusa likaninyunyizia usoni. Buti zetu, tulizozilaza ndani ya mfuko wa plastiki kati yetu, zilikuwa laini. Nikaipapasa chupa, nikaitoa kwenye soksi yake. Maji yalikuwa vuguvugu.

Jana yake tulipangusa juu ya khofu, lakini tulizivua ili tulale, kwa hiyo asubuhi miguu ilitaka kuoshwa. Nilimwambia mpwa atoe miguu nje ya mlango wa hema. Akainyoosha juu ya theluji, nikammiminia maji ya chupa, kidogo kidogo, akipitisha kidole kati ya vidole kama alivyofundishwa, na mvuke ukapanda kutoka nyayoni mwake mpaka usoni. Akakausha, akavaa soksi kavu, juu yake zile zisizopita maji. Kisha akaichukua chupa kutoka mkononi mwangu, akaipima uzito, akasema yamebaki ya kunitosha, ninyooshe miguu.